Mwenye Haraka Mbele ya Bamia

Mama yangu hakuwa mtu wa kumpima mwanamume kwa maneno yake. Maneno, alisema, kila mtu anayo, hata redio inayo. Yeye alimpima kwa bamia.

Nieleze vizuri, maana niliwahi kuwasimulia watu wa mbali wakadhani natia chumvi. Mama alizaliwa Maniema, na katika ukoo wake kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwa Wamaniema wengine hapa Kisangani. Nadhani bibi yangu ndiye aliyeitunga, siku moja aliyoamka vibaya. Mwanamume akija rasmi kuomba binti, mama wa binti anapika bamia kwa mkono wake, bila msaidizi. Kisha anampakulia mgeni mwenyewe, mbele ya watu wote. Anamimina upawa mmoja kwenye sahani, halafu anauinua juu. Bamia iliyopikwa sawasawa haikatiki. Unabaki uzi mrefu kutoka kwenye upawa hadi kwenye sahani. Mgeni anakaa, mikono magotini, anasubiri uzi ukatike wenyewe. Akiukata kwa kidole, akivuta sahani, akitia tonge kabla ya wakati, basi. Atakula, atanawa, atasindikizwa mpaka barabarani kwa heshima zote, na binti hatapewa.

"Mutu mwenye kukata ile kamba," mama alisema, "kesho atakata mutoto kwa mama yake."

Baba alikuwa karani katika ofisi ya serikali, akipenda kujiita mtu wa kisasa. Alisema haya ni mambo ya kale yasiyo na maana. Lakini yeye mwenyewe aliupita mtihani huo ujanani, na kila alipofika kwenye chupa ya pili ya bia alitusimulia jinsi alivyokaa mbele ya mama mkwe wake bila hata kupepesa jicho. Kwenye chupa ya tatu, nzi alikuwa ametua puani pake naye hakumfukuza. Mama alimwacha aseme. Mimi nilimwuliza mara moja kama baba alikaa hivyo kweli, akanijibu kwamba alikuwa amelala.

Bamia, ambayo sisi mjini tunaiita dongodongo, ni chakula cha ajabu. Maji hayana kinyongo: uyamimine polepole, uyamimine kwa hasira, ni maji yale yale. Bamia inaangalia unavyoitendea. Ukiikoroga mbio kwa kijiti, badala ya kukimbilia pembeni mwa chungu inapanda kwenye kijiti kufuata mkono wako. Ukimimina halafu ukasita, mkia wake unajirudisha juu. Ukiivuta, inavutika nawe, na uzi unakuwa mwembamba, mwembamba zaidi, unafanya vishanga vidogo katikati, na bado hauachii. Mama alijua kuikoleza. Alitia chumvi ya majivu ya maganda ya ndizi, ile inayofanya bamia iteleze mara mbili, na aliwadharau wanawake waliotia nyanya au ndimu, kwa kuwa ukali wa ndimu unaua uzi. Bamia isiyovutika, kwake, ilikuwa majani tu yaliyokosa bahati.

Wakati huo nilikuwa nasomea ualimu, na mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba vitu vya namna hii, vinavyobadilika kulingana na nguvu unayovitendea, vina kundi lao na jina lao refu la Kifaransa. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia mama kwamba bamia yake ina jina la kisayansi. Akaniuliza kama jina hilo linapunguza kuni.

Lakini tangu siku ile nililiona jiko letu kwa macho mengine. Lilijaa vyakula vyenye tabia. Nyanya ya kopo iligoma kutoka. Unainamisha, unabembeleza, hakuna kitu, halafu unalipiga kopo kofi na yote inaanguka mara moja, kwa kawaida mahali ambapo hukutaka. Karanga zilizosagwa ndizo zilikuwa na kiburi zaidi: ukiziongezea maji kidogo ili zilainike, zinakaza na kununa, na ni lazima uongeze mengi ndipo zikusamehe. Na kulikuwa na amido, ule wanga wa muhogo unaotua chini ya beseni. Ukiupiga ngumi ni jiwe. Ukiupapasa ni maziwa. Nilimtania mama kwamba amekusanya jikoni vitu vinavyofanana naye: ukimsukuma anakuwa jiwe, ukimbembeleza anatiririka. Hakupenda. Alinipa chungu kikubwa kuliko vyote nikakioshe.

Amido ndiyo iliyomleta yule kijana maishani mwetu, au tuseme ndiyo iliyomkamata.

Ilikuwa enzi za Zaire, tai zilikuwa zimepigwa marufuku, na wanaume wote wa ofisini walivaa abakosti, lile koti la kufungwa hadi shingoni. Abakosti isiyonyooka ilimfanya mtu aonekane kama hana mke, na aliye naye aonekane kama amegombana naye. Basi mama alitengeneza amido ya kunyooshea nguo, na robo ya wanaume wa mtaa wetu walitembea wima kwa sababu yake. Siku ile beseni lilikuwa uani, maji ya juu yameshamwagwa, wanga umetua, mweupe kabisa.

Kijana alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya treni ya Ubundu, ng'ambo ya kushoto ya mto. Mjomba wangu wa Ubundu alikuwa ametuma gunia la mchele kwa treni, na yeye alijitolea kuvuka nalo kwa mtumbwi na kutuletea. Aliingia uani akiwa ameshamaliza kusalimia kabla hatujaitikia. Aliuliza habari za nyumbani, akajijibu, akatua gunia, akageuka kuondoka, akakumbuka kwamba mama lazima atie saini, akainama kutafuta karatasi mfukoni, na kalamu yake ikaanguka katikati ya beseni. Ikazama taratibu kama mtu aendaye kulala.

Mwenye akili angengoja. Yeye alilipiga beseni kwa mkono wote. Amido ikamrudishia ngumi yake. Alishangaa, akausukuma mkono, ukaingia, akaikuta kalamu, akainyakua kwa nguvu, na amido ikamshika mpaka juu ya kifundo. Akavuta. Beseni likainuka naye kutoka chini. Sasa alikuwa amesimama katikati ya ua wetu, mtu mzima mwenye kazi ya serikali, akining'iniza beseni la mama yangu mwisho wa mkono.

"Usivute!" mama alipiga kelele. "Acha, papa, acha! Pole pole! Utanimwagia kazi ya siku mbili!"

Hakujua kufanya kitu pole pole, hakufundishwa. Nilikwenda nikashika beseni kwa chini, nikalitua, nikamshika kifundo cha mkono, nikamwambia alegeze vidole na autoe mkono kama mtu anayeutoa chini ya mtoto aliyelala. Alilegeza. Amido ikamwachia bila ubishi. Alibaki na kalamu yake mkononi, mweupe hadi kwenye kiwiko, akicheka. Nami nilibaki nimeshika mkono wa mwanamume nisiyemjua, na sikuuachia mara moja. Mama aliona mambo mawili siku ile: kwamba yule kijana ana haraka, na kwamba mimi sikuwa nayo.

Baada ya hapo mizigo ya kutuletea ilizidi. Mjomba alituma samaki wa kukaushwa, alituma ndizi, alituma vitu ambavyo mjomba mwenyewe, tulipomwona baadaye, hakuwa na habari navyo. Kijana alikuwa mtu wa mto, ukoo wake ni wa karibu na Isangi, na hapa mjini alilelewa na tonton yake, yaani mjomba wake, aliyefanya biashara ya samaki. Alikuwa mwema, mcheshi, mkweli hata pale uongo ungemsaidia, na kila kitu alikifanya kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alikula akiwa ameshainuka. Alicheka kabla kichekesho hakijaisha. Nilimpenda. Sitaki kuzunguka katika jambo hili: nilimpenda mpaka nikaanza kuona watu wanaotembea polepole wana kasoro.

Kisha akapata kazi bora, ya karani katika kampuni ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, huko Barumbu, upande mto unakoteremkia. Ilimpasa aende na bato, ile meli ya mtoni, iliyokuwa ikisubiriwa. Alitaka twende pamoja. Baba na tonton walikaa wakayamaliza yote yaliyo ya wanaume. Mambo ya padri tungeyafanya tukirudi Noeli. Ilibaki bamia tu. Bato ilifika bandarini, ikapakia, ikatangazwa kwamba itaondoka Jumatatu asubuhi. Mama akasema atapika Jumapili.

Kwenye ramani ya shule Barumbu si mbali. Lakini bato za enzi zile zilikuja zilipojisikia. Zilikwama kwenye mchanga, zilikufa injini, zilingoja mkubwa fulani aliyekuwa bado anakunywa. Na mama alikuwa na sababu yake ya kuogopa maji. Yeye mwenyewe aliletwa Kisangani akiwa bibi harusi, kwa bato mpaka Ubundu na treni mpaka hapa, akimwahidi mama yake kwamba atarudi kumtembelea mvua zikiisha. Mvua ziliisha, tukazaliwa sisi, vita vikapita, bei ya tiketi ikapanda, na bibi yangu akafa huko Maniema bila kumwona tena. Mama hakulizungumzia sana. Alikuwa tu haendi bandarini, hata kununua samaki.

Kwa hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Uzi ukikatwa, mama angekataa. Mama akikataa, baba asingethubutu. Na kijana angepanda bato peke yake kwenda mahali ambapo mtu mwenye mshahara hakai muda mrefu bila mke. Mtu mwingine yeyote angeupita mtihani ule. Mimi nilikuwa nimempenda mwanamume pekee katika mkoa mzima asiyeweza kukaa mbele ya sahani na kutoigusa.

Nikaamua kumfundisha. Nyuma ya soko kulikuwa na malewa, kibanda cha mama mmoja mnene aliyeuza fufu na dongodongo nzuri. Tulikwenda pale mchana, nikaazima upawa wake, nikawa namiminia kijana sahani na kuinua mkono juu, wateja wengine wakitutazama.

Mara ya kwanza aliupuliza uzi.

"Sikugusa!" alisema.

"Kupuliza na kugusa ni kimoja."

Mara ya pili alitulia vizuri, mpaka rafiki yake wa stesheni akapita barabarani. Akainua mkono kumsalimia na kuukata uzi kwa kiwiko. Mara ya tatu aliisogeza sahani kidogo, eti ilikuwa imekaa upande. Niliketi nikamfafanulia kwa fizikia yangu yote. Nilimwambia uzi wa maji unakatika haraka na kuwa matone, lakini wa bamia una vitu virefu ndani vilivyoshikana, kila unavyonyooshwa ndivyo vinavyozidi kushikana, kwa hiyo hakuna ujanja wowote wa kuuharakisha bila kuugusa.

"Alors, mutu anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anakaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

Alifikiri. "Ile njo kazi ya nguvu," alisema, na hakuwa anatania.

Mwenye malewa, aliyekuwa ametusikiliza akijifanya anaosha sahani, alituambia kwamba kama ni hivyo, tule basi, maana bamia yake haikupikwa iwe shule. Tonton naye alimpa mpwa wake shauri la wavuvi: abane pumzi. Alijaribu akakohoa, na kukohoa kukakata uzi. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka mitaa, alikuja kwetu na panga mkononi, jasho linamtoka, akaniambia kwamba amekaa chini ya ukuta dakika nzima bila kufanya lolote. Alitaka nimpongeze. Nikampongeza.

Jumapili baada ya misa sebule yetu ilijaa abakosti. Baba alivaa ya kahawia. Tonton alivaa ya kijivu iliyonuka samaki kwa mbali. Kijana alivaa nyeusi, na mimi ndiye niliyeitia amido, nami kwa woga niliitia nyingi, hata alipoketi koti lilibaki limesimama na kidevu chake kikawa kama kimewekwa juu ya rafu. Nilifikiri, vema, hilo litamsaidia kutotikisika.

Kwenye mkeka, karibu na mlango, alikaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, polisi wa desturi zote. Desturi aliyoilinda kuliko zingine ilikuwa ya bokilo, yaani heshima kati ya mtu na wakwe zake. Mwanamume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hampokei glasi mkononi. Kitu kinawekwa mezani, kisha anakichukua. Kuna mkwe aliyewahi kumshika mama mkwe wake bega kwa furaha, msibani tena, na shangazi alikuwa akilitaja jambo hilo hata baada ya wote wawili kufa. Kijana alipoingia aliweka mikono nyuma ya mgongo, akamwinamia mama kwa mbali. Shangazi akatikisa kichwa: hapo amepita.

Mama alitoka jikoni na chungu. Nilikuwa nimechungulia asubuhi na kuona jinsi bamia ilivyokuwa ikipanda kijiti hadi karibu na vidole vyake. Hakuwahi kuipika hivyo. Mimi nilipewa kazi ya kushika beseni la maji ya kunawa, kwa hiyo nilisimama nyuma ya mama, upande wa mkono wake wa kulia.

Alimimina. Akainua upawa mpaka usawa wa macho yake.

Uzi ulishuka mzuri, ukameta. Kijana aliweka mikono magotini. Goti la kushoto likaanza kutikisika, akalitazama, likaacha. Uzi ukawa mwembamba. Vishanga vikatokea. Nilijua hatua zote: sasa utakuwa kama unywele, sasa utapotea. Nilianza kumshukuru Mungu.

Uzi ukanenepa.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Ukaendelea kuwa mwembamba tena, nikangoja, na tena ukanenepa. Ndipo nilipoutazama mkono wa mama. Alikuwa akiuinamisha upawa, kidogo sana, kiasi cha ukucha, na bamia iliyobaki ndani ilikuwa ikiteremka na kuulisha uzi. Kila ulipokaribia kukatika, aliinamisha. Mama yangu, mwenye kupima watu, alikuwa anaiba mtihani.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Ningesema nini? Binti hasemi siku hiyo, anashika beseni. Tonton alisafisha koo. Baba aliangalia dari, pengine akimtafuta yule nzi wake. Jasho lilimtoka kijana kwenye paji, likashuka hadi kwenye ile kola ngumu, na hakulifuta. Fufu ilikuwa inapoa. Mama aliinamisha tena. Niliona hatamwachia kijana kamwe. Angesimama pale mpaka mwanaume apasuke.

Kisha mkono wake ukaanza kutetemeka. Bega lile lilikuwa likimsumbua miaka mingi, kwa kutwanga. Uzi nao ukatetemeka. Nilisogea kidogo nimwone usoni, nikiwa na hasira yangu yote tayari, na nikakuta kwamba hamtazami yule kijana hata kidogo. Alikuwa anautazama uzi. Midomo ilikuwa imebana kama ya mtu anayebeba kitu kizito na hajui atue wapi. Hakuwa anampima mtu. Hakutaka tu kumaliza. Hasira iliniisha palepale, na nilipoitafuta sikuipata. Nilikuta nataka kulia.

Hapo kijana akainuka. Aliinuka kama anavyoinuka siku zote, ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake, na mimi nikafumba macho. Nilisema moyoni, yamekwisha, ameukata.

Niliposikia shangazi anapiga yowe nilifumbua. Kijana alikuwa amezunguka meza, ameweka kiganja chake chini ya kiwiko cha mama, na ameubeba mkono wake. Uzi ulikuwa unayumba. Haukukatika.

"Ameshika bokilo!" shangazi alisimama juu ya mkeka. "Eeh! Amemushika mama! Mbele yetu wote!"

"Mwana, kaa chini!" tonton alisema kwa sauti ya chini, uso umempauka.

Yeye hakumwachia. "Mama," alisema, "mukono yako iko nachoka. Mimi nitakushikia. Endelea tu."

Mama alikitazama kile kiganja. Nilimwona akikitazama muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama kinaruhusiwa.

"Atoke!" shangazi alisema. "Atoke inje, tuzungumuze faini!"

"Shangazi ya batoto, nyamaza kwanza," mama alisema bila kugeuka. Halafu akamwambia kijana, polepole: "Unajua niko nafanya nini na hii dongodongo?"

"Najua, mama. Uko naongeza."

"Ulijua wakati gani?"

"Tangu mwanzo. Niliona mukono."

Baba alishusha macho kutoka kwenye dari. Isipokuwa yeye na mimi, hakuna mtu aliyekuwa ameona, na sasa wote waliutazama upawa, na mama hakuuficha.

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini, mama? Ni mutoto yako."

"Na bato?"

"Bato itaenda. Kutakuya ingine." Nilijua kazi ya Barumbu haikuwa na nyingine nyuma yake, na yeye alijua zaidi yangu. "Siko na haraka, mama."

Mtu mwenye haraka kuliko wote Kisangani alisema maneno hayo, na mguu wake haukutikisika. Sijawahi kumpenda kama dakika ile, na nimempenda miaka mingi.

Mama aliteremsha mkono, naye akauteremsha pamoja nao, hadi upawa ukagusa sahani na uzi wote ukarudi ndani ya bamia. Kisha mama akasimama akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Shangazi naye alikuwa anajifuta, akieleza kwamba ni moshi, ingawa jiko lilikuwa uani. Kijana aliokota kiti chake, akakaa, akaweka mikono magotini tena, kwa sababu hakuna aliyemwambia mtihani umekwisha.

"Kula basi, papa," mama akamwambia. "Kula mbio. Bato inaondoka asubuhi."

Hakuelewa mara moja. Alimtazama tonton, tonton akamtazama baba, na baba akacheka kwa pua kama afanyavyo akitaka kulia. Ndipo akatumbukiza tonge, akavuta, na bamia ikamfuata ikamwangukia kwenye abakosti nyeusi kuanzia kola hadi tumboni.

Mama alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ile ya kunituma nikaoshe chungu.

"Na weye? Uko nasimama sababu ya nini? Enda ufunge vitu yako."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kwa majuma, nikiwa nimeyafanyia kazi, nikiwa nimemwombea Mungu kila asubuhi yatoke kinywani mwake. Yalipotoka, sikwenda. Nilibaki nimesimama nyuma yake na beseni la maji mikononi, nikitamani auinue ule upawa tena.